Huli nyama na unakula nje? Hivi ndo unapata msosi wa maana Bongo na Kenya

Watu wakisikia fulani hali nyama wanadhani akitoka nyumbani atakufa njaa, na ukweli wengine wanajitafutia wenyewe, akisafiri siku tatu tu anaishi kwa chipsi kavu na soda. Sasa huku kwetu chakula kisicho na nyama kimejaa jamani, nyumba nyingi nyama ni ya sikukuu na ya wageni, siku za kawaida watu wanakula ugali mchicha, wali maharage, makande, kisamvu cha nazi, mihogo, choroko. Shida ni kwamba hivyo vitu kwenye menyu haviandikwi, na hata vikiwepo unaweza kukuta kuna kitu kimeingia sufuriani ambacho hukukitaka. Kwahiyo kazi yako ni kujua pa kwenda, saa ya kwenda, na namna ya kuuliza.

Tuanze na kuuliza maana hapo ndo wengi wanakwama. Ukisema "sili nyama" mhudumu anaelewa hutaki ng'ombe na mbuzi, atakwambia kuku yupo, ukikataa kuku anasema basi kuna samaki, ukikataa na samaki anakuangalia kama mgonjwa. Na ukisema "niwekee mboga tu" ndo umeharibu kabisa, kwa mama ntilie dagaa ni mboga, maini ni mboga, chochote cha kushushia ugali ni mboga. Sema sentensi nzima: "Dada samahani, mi sili nyama, kuku, samaki wala dagaa, naomba wali maharage na mchicha, alafu usinimwagie mchuzi wa nyama." Hicho kipande cha mwisho usikiache. Wahudumu wetu wana huruma, akiona wali wako mkavu anachota mchuzi wa nyama anaumwagia juu, ukilalamika anakujibu nimeweka mchuzi tu nyama sijaweka, na yeye kweli anaona amekufanyia wema. Ukiweza simama pale sufuria zilipo wakati anapakua, umuonyeshe hii, na hii, hiyo hapana. Na usianze kutoa mada ndefu kuhusu wanyama na afya, kuna foleni nyuma yako. Sema sili, tabasamu, inatosha.

Sasa swali la pili ambalo ni muhimu kuliko la kwanza: imepikwaje? Mchicha na kisamvu vinaweza kuonekana safi kabisa kumbe vimetiwa dagaa au uduvi, hasa kisamvu, kwahiyo uliza kama ni cha nazi au karanga tu au kuna kitu kingine. Maharage kwa kawaida yako salama, nazi, kitunguu na nyanya, ila kuna wapishi wanayachanganya na mchuzi wa nyama uliobaki ili yawe na ladha, na siku hizi kuna viungo vya paketi vya ladha ya nyama ama kuku vinaingia kila mahali. Pilau sahau. Hata wakikutolea vipande vyote, ule mchele umeivia kwenye supu ya nyama, kwahiyo agiza wali mweupe au wali wa nazi. Upande wa ndizi, mtori na machalari zinapikwa na nyama, ila ndizi za nazi mara nyingi ziko sawa. Makande nayo sawa, karibu kila mara.

Vitafunwa navyo vina mitego yake. Sambusa ya viazi na ya nyama kwa nje hazina tofauti, uliza kabla hujang'ata. Katlesi kwa macho ni kiazi ila ndani pana nyama ya kusaga. Bagia za dengu na za kunde kula bila wasiwasi, kachori za viazi pia, na mihogo ya kukaanga na chachandu, na ukiwa Mombasa kuna viazi karai na rojo ya ukwaju ambayo mi nikianza sijui kuacha. Ila vitu vya kukaanga angalia karai, mafuta ya banda la chipsi ndo hayohayo yamekaangia kuku na soseji. Kama hilo linakusumbua nenda kwa mama anayeuza bagia na mihogo peke yake, kama halikusumbui haya chipsi zako hizo, na kama mayai unakula basi zege, yaani chipsi mayai, lipo kila kona.

Zanzibar usiondoke bila urojo. Ule uji wenyewe ni unga, bizari na uchachu wa embe au ndimu, ndani viazi, bagia, kachori, juu chatney ya nazi na chipsi za muhogo, yaani ni chakula cha mboga kizima mpaka pale mwishoni anapotaka kukutilia mishkaki na yai. Mwambie mapema bila mishkaki, maana mikono yao ni ya haraka. Forodhani jioni ukitaka ile pizza ya Zanzibar mwambie aweke mboga tu na umuangalie anavyoijaza, kwa sababu nyama ya kusaga inakaa palepale mezani karibu na vitunguu.

Saa ya kwenda nayo usiidharau. Kwa mama ntilie mboga za majani na maharage vinakuwa vizuri kuanzia saa 6 mpaka saa 8 mchana, ukija saa 9 na nusu utakuta sufuria ya nyama ndo imebaki na mchicha umeisha au umekuwa mweusi. Asubuhi kwa Bara ni supu na chapati, kwahiyo omba chapati maharage, wengi wanayo ila hawaitangazi. Mombasa na Lamu asubuhi ndo saa yako, mahamri na mbaazi za nazi, na hapo wala huhitaji kumueleza mtu chochote maana kila mtu pale kibandani anakula hichohicho. Kenya kwa ujumla naona ni rahisi kidogo, kwenye kibanda chochote Nairobi kuna chapo madondo (chapati maharage), chapo ndengu (chapati choroko), githeri ambayo ni makande yao, mukimo ya viazi vya kuponda na sukuma wiki, githeri tu ndo uulize kama ni ile ya nyama.

Ukitaka sehemu ambayo hutauliza swali hata moja, nenda kwa Wahindi wa pyua veji. Dar tembea Kisutu, kule kwenye mahekalu ya Kihindu, na Upanga, Nairobi ni Parklands na Ngara, Mombasa mjini pia. Kibao kikiandikwa pyua veji maana yake jiko hilo halipiki nyama, samaki wala yai, sufuria zote safi. Agiza thali, ile sinia yenye vibakuli vya dengu, mboga mbili tatu, wali, chapati nyembamba, papadi na achari, na kwenye sehemu nyingi za Kigujarati wanakuongezea mpaka wewe useme basi, kwahiyo usishibe na chapati mwanzoni. Wewe usiyekula maziwa kabisa hapo ndo uwe makini, samli inapakwa juu ya chapati bila kuulizwa, kuna paneer ambayo ni jibini, na kile kinywaji cheupe cha chumvi ni mtindi. Ukiona wameandika Jain, hicho hakina kitunguu, kitunguu saumu wala viazi, wao hawali vitu vinavyochimbwa ardhini. Wengine wanaona kimepooza, mi nakipenda hasa siku tumbo halitaki fujo.

Alafu kuna Wahabeshi ambao watu wa veji wa Nairobi wanawajua ila wa Dar wengi hawajawazoea. Waorthodoksi wa Ethiopia wanafunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na siku 55 kabla ya Pasaka yao, na kwenye mfungo hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Kwahiyo mapishi yao ya mfungo ni ya mimea tupu na yamekomaa kwa karne nyingi, sio kitu cha kubahatisha kwa ajili yako. Ingia mgahawa wao maeneo ya Hurlingham au Kilimani, waambie unataka beyaynetu ya mfungo, yaani sinia ya mchanganyiko, unaletewa injera kubwa, ile chapati yao laini yenye uchachu, na juu yake dengu nyekundu za pilipili, njegere kavu za njano, kabeji na karoti, sukuma, na shiro ambayo ni unga wa dengu uliopikwa mzito. Neno mfungo litaje, kwa sababu shiro ya siku za kawaida inaweza kutiwa samli. Ukienda Jumatano au Ijumaa unakuta vitu vingi zaidi na vimepikwa siku hiyohiyo.

Kwa wasafiri wa barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, Makindu pana hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, enzi za watu waliofanya kazi kwenye reli, na pale msafiri yeyote anakula bure, dini yoyote kabila lolote. Chakula cha langar, yaani jiko lao la bure, ni cha mboga siku zote, chapati, dengu, mboga, wali, chai ya maziwa. Vua viatu, funika kichwa (vitambaa wanavyo), usiingie na sigara wala pombe, pakua unachoweza kumaliza, na ukiguswa weka chochote kwenye kisanduku cha sadaka. Utaratibu wa langar uko kwenye gurdwara zote, yaani mahekalu yao, duniani kwahiyo hata ukiwa mji mwingine wenye Masingasinga unajua pa kuulizia. Safari za mabasi Tanzania ni habari nyingine, ile dakika 15 ya kuchimba dawa na kula haikutoshi kujieleza, pale ni chipsi kuku kila sehemu. Beba bagia na chapati zako kutoka nyumbani, njiani nunua mahindi ya kuchoma, korosho, ndizi, na machungwa ukipita Muheza.

Sasa mafungo na ritriti, hapa nikae kidogo kwa sababu ukishalipia siku tano huwezi kuhama meza.

Zile za yoga za ufukweni, Paje, Jambiani, Matemwe, Watamu, Diani, Shela kule Lamu, nyingi zinajitangaza chakula ni cha mboga. Kabla hujatuma hela waandikie WhatsApp uulize vitu hivi: samaki na pweza mnahesabu ni mboga? (nyingi zinahesabu, usicheke), milo ni mingapi kwa siku, na protini inatoka wapi. Hili la protini lisisitize. Wakikujibu tuna saladi, matunda na pasta, jua siku ya pili saa 4 usiku utakuwa unatafuta duka la biskuti kijijini. Wakikujibu dengu, maharage, choroko, mbaazi, karanga, hapo sawa. Omba wakutumie menyu ya wiki iliyopita, iliyopikwa kweli, sio ile yenye picha nzuri.

Na ujanja ambao naona haujulikani: uliza wafanyakazi wanakula nini. Hoteli nyingi mgeni wa veji analetewa tambi na nyanya au mboga za kuchemsha zisizo na chumvi kwa bei ya kutisha, na huku nyuma ya jiko kuna sufuria ya maharage ya nazi, mchicha na ugali wa moto unaosubiri walinzi na wahudumu. Nenda kwa mpishi kwa heshima, msalimie vizuri, shikamoo kama ni mtu mzima, mwambie mi napenda hiki cha kwenu, kesho mnaweza kuniongezea sahani moja nilipie? Muombe mapema ili apike cha ziada, usije ukala fungu la mtu. Wapishi wengi wanafurahi sana kuulizwa hivyo, na kuanzia hapo wanakupikia kwa moyo, kesho unashangaa umewekewa bamia, keshokutwa kunde za nazi.

Nyumba za mafungo za kanisa chakula ni cha nyumbani na bei ni nzuri, Kwaresima ndo kipindi chako hasa Ijumaa, ingawa Ijumaa hiyohiyo samaki wanaruhusiwa kwahiyo taja. Wasabato kanisa lao limehimiza chakula cha mimea tangu karne ya 19, sio wote wanafuata ila kwenye makambi na taasisi zao kusema huli nyama hakumshangazi mtu. Kozi za kutafakari kimya za Vipassana za siku 10 zinapika mboga tupu na hulipi chochote mbele, ila jua ratiba: chakula cha mchana ni saa 5 asubuhi na jioni saa 11 mgeni wa mara ya kwanza anapata chai na matunda basi. Siku mbili za mwanzo tumbo linalia.

Semina za ofisi hotelini zenye bafe, jaza ile fomu ya mahitaji ya chakula na bado umpigie mratibu, alafu ingia kwenye foleni mapema. Wala nyama wote wanapita kwenye zile njegere na maharage kama kionjo cha pembeni, ukija wa mwisho wewe unabaki na wali na kachumbari. Bora uombe chako kitengwe jikoni kabisa.

Kwa wale wasiogusa hata maziwa na mayai, vitamini B12 haipatikani kwenye mimea hata ule mchicha wa kijiji kizima, nunua vidonge vyake famasi au tafuta vyakula vilivyoongezewa. Wengine maharage na ugali au wali, majani ya kijani na karanga vinabeba mambo mengi.

Ukienda mji usioujua, app ya HappyCow inayoorodhesha migahawa ya veji inasaidia Nairobi, Dar, Mombasa na Zanzibar, ukitoka hapo uliza bodaboda wapi kuna mama anapika maharage mazuri, wanajua kuliko simu. Na hiyo migahawa ya Kihindi mingi inafunga alasiri mpaka jioni, wengine na siku moja ya wiki, kwahiyo piga kwanza ndo utoke.