Kumpikia mbwa nyumbani: mtolee chake kabla kitunguu hakijaingia sufuriani

Wadau, hili swali la mbwa ale nini halikosi majibu mawili, kuna wa kusema nunua cha dukani cha kwenye mfuko, na kuna wa kusema mbwa ni mbwa bana, mpe makombo atakula. Cha dukani sina ugomvi nacho, kama mfuko unaruhusu nunua, ila ukiwa na mbwa wawili watatu wakubwa wa kulinda geti ile bei kila mwezi inauma, na makombo nayo yana balaa lake. Mi nasema pika mwenyewe, vitu vya buchani na sokoni, na kama kwako jiko linawaka kila siku basi kazi inayoongezeka ni ndogo mno.

Ujanja wote uko kwenye mpangilio. Nyama ya nyumbani ikishachemka, kabla hujatia chumvi, kabla ya kitunguu, kabla ya swaumu na vile vidonge vya supu, chota ya mbwa weka kwenye sufuria yake. Mkimaliza hapo ungeni mnavyotaka. Shida ya makombo ni kwamba sisi hatupiki bila kitunguu, na kitunguu kwa mbwa ni sumu, kitunguu maji na kitunguu swaumu vyote, kikiwa kibichi, kimekaangwa, kimeyeyukia kwenye rojo au kimesagwa unga ni yale yale, moto hauitoi. Kinaharibu chembe nyekundu za damu. Kiasi kinachotajwa kuleta madhara ni gramu 15 mpaka 30 za kitunguu kwa kila kilo ya mbwa, kwahiyo mbwa wa kilo kumi inatosha gramu 150 hivi, yaani kitunguu kimoja cha wastani, na ukiangalia sufuria la shughuli limeungwa na vitunguu vingapi utaelewa. Kibaya zaidi dalili haziji siku hiyo hiyo, zinaweza kukaa siku kadhaa ndo unaona mbwa amepoa, fizi zimekuwa nyeupe, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, na mwenye mbwa hakumbuki kabisa lile sinia la pilau la jumamosi.

Na kwenye pilau na biriani za pwani huku kuna zabibu kavu, hizo nazo ni hatari, zinaua figo, na hakuna kiasi unachoweza kusema hiki salama, kuna mbwa anakula kidogo tu anaumia na mwingine anakula nyingi anapona. Muda mrefu watu hawakujua ni kitu gani ndani ya zabibu, ila kuanzia 2021 madaktari wa sumu za wanyama kule Marekani wakaanza kuielekezea kidole asidi ya tatariki, na hiyo asidi imejaa kwenye ukwaju wetu huu. Mbwa waliokula ukwaju wameonekana na figo zimefeli vile vile. Kwahiyo mchuzi wa ukwaju, juisi ya ukwaju, makapi ya ukwaju uliyokamua ukatupa nyuma ya nyumba, vyote aviskie kwa majirani tu.

Vingine vya kukataza nipitie haraka. Chokoleti na kahawa, pombe (hata machicha ya pombe ya kienyeji), unga wa maandazi ambao bado unaumuka, korosho za chumvi, bablishi na pipi zisizo na sukari kwasababu huenda zina zailitoli, kitamu cha badala ya sukari kinachomshusha mbwa sukari ya damu ghafla. Gunzi la hindi la kuchoma pia, hili watu wanalichukulia poa, mbwa analimeza vipande halafu linakwama kwenye utumbo na mwisho wake ni upasuaji. Kokwa la embe na la parachichi ni hivyo hivyo. Nyama yenyewe ya parachichi kidogo haimuui, ila ina mafuta mengi ya kumsumbua tumbo bure, sioni haja.

Sasa tuje kwenye kupika.

Nyama. Huhitaji steki. Buchani waulize mapupu, moyo, bandama, masalia ya kuchambua, na kama uko karibu na machinjio ndo bei inashuka zaidi. Mapupu ni mazuri na rahisi ila yana vituko, yanaelea, ukiyaweka mazima kwenye maji yanapanda juu yanainua mfuniko, upande wa juu unabaki mbichi na wewe unajua yameiva. Yakate vipande vya ukubwa wa kiberiti kwanza, yachemke nusu saa au zaidi, na uwe unageuza. Hapa kwenye kuiva sitanii. Kuna minyoo inaitwa tegu, ile aina ndogo, inaishi kwenye utumbo wa mbwa, na mbwa anaipata kwa kula mapupu na maini mabichi ya ng'ombe, mbuzi au kondoo yenye vifuko vya maji. Mayai yake yanatoka kwenye kinyesi cha mbwa, yakimwingia binadamu yanaota vifuko vile vile kwenye ini na mapafu, vinakua miaka mpaka tumbo linavimba. Turkana kule Kenya ni moja ya sehemu zinazojulikana duniani kwa ugonjwa huo. Kwahiyo ukikuta kipande kina kifuko cheupe kimejaa maji usikitupe chini mbwa akala, choma au fukia chini sana, na nyama nyingine zote zichemke. Habari ya "mbwa wa asili anataka nyama mbichi" kwa mapupu ya buchani zetu mi siikubali.

Ini lina faida ila lisizidi, kipande kidogo tu, sehemu moja kwa ishirini ya chungu chote inatosha. Likiwa ndo nyama yake ya kila siku vitamini A inajazana mwilini na kumdhuru mifupa.

Miguu, shingo na vichwa vya kuku ni rahisi kupatikana na mbwa wanavipenda, tatizo ni mifupa. Mfupa uliopikwa kawaida unakauka, ukivunjika unatoa ncha kama sindano na unatoboa utumbo. Ukiwa na presha kuka hapo umepona, weka na maji, acha saa moja na nusu hivi, halafu toa mguu mmoja uubonyeze kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada. Mfupa ukisagika wote kama chaki, mchanganyie. Ukisikia kitu kigumu hata kidogo rudisha motoni. Huna presha kuka? Chambua nyama kwa mkono, mifupa tupa mbali, na tupa mahali ambapo hawezi kufukua, maana atafukua.

Dagaa nao usiwasahau. Chagua wa Mwanza, wale wa kuanikwa tu, usinunue wa pwani waliochemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kukaushwa, wale chumvi yake ni nyingi kwa mbwa. Loweka kwenye maji ya moto, koroga, mchanga utazama chini, chota wa juu, rudia mpaka maji yatoke safi. Mchanga wa dagaa ukiachwa mbwa hasemi ila utauona kwenye kinyesi. Konzi moja mara mbili kwa wiki inampa kalisi (calcium, ile ya mifupa) na madini mengine ambayo nyama tupu haina. Vichwa vya samaki vya sokoni navyo ni sawa, chemsha, chambua miba yote, usimpe mbichi, maana samaki wengine wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1.

Wanga sasa. Wali wa chenga, ugali, viazi vitamu, ndizi za kupika, chochote kilichoiva vizuri mpaka kinapondeka. Pumba ndo naomba tuongee kidogo, maana watu wengi wanapikia mbwa uji wa pumba na vichwa vya dagaa wanaona wamebana matumizi. Pumba nyingi inapita tu inatoka kama ilivyoingia, mbwa anashiba tumbo mwili unakonda. Hiyo ni afadhali. Kubwa ni sumukuvu. Mahindi yakiota ukungu sumu inakaa zaidi upande wa nje wa punje na kwenye kiini, na hivyo ndo vinavyoondolewa mashineni yakikobolewa, yaani sembe lako linatoka safi na pumba inabeba mzigo. Kuchemsha hakuitoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya iliua watu 125, mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara, na mbwa ini lake ni dhaifu zaidi kwa sumu hii, mwaka 2005 huko Marekani zaidi ya mbwa mia walikufa kwa chakula cha dukani kilichotengenezwa na mahindi ya namna hiyo. Mahindi yenye rangi ya kijani au harufu ya uvundo, ambayo watu huwa wanasema "haya ya mbwa", hata mbwa asipewe, na kuku vile vile. Chenga za mchele bei yake haiko mbali sana na hazina mambo hayo mengi, mi ndo ningekushauri uanzie hapo.

Mboga ni kidogo tu, karoti, boga, mchicha, maharage machanga. Kata ndogo ndogo au kwangua, mbwa hatafuni, anameza.

Mfano wa chungu, mbwa mmoja wa kilo 15 ambaye hana mimba wala sio mtoto, kwa siku mbili: nyama mchanganyiko nusu kilo, ini kipande kama gramu 50, chenga robo kilo kabla hazijapikwa, karoti moja na kipande cha boga, mafuta ya alizeti kijiko kimoja cha chakula. Chemsha nyama kwanza maji yafunike kabisa, ikiiva tia chenga na mboga humo humo kwenye supu yake, usimwage ile supu, punguza moto, ifunike mpaka maji yakauke iwe kama bokoboko. Ipua, tia mafuta. Chumvi hapana, hata punje. Unapata kama kilo moja na robo, gawa mara nne, asubuhi na jioni. Mbwa wa kuzunguka uwanja usiku kucha ataongezewa, wa kulala barazani atapunguziwa, kipimo chako kiwe mbavu, ukimpapasa uzisikie chini ya ngozi ila usizione kwa macho ukiwa umesimama mbali.

Halafu maganda ya mayai, hapa ndo wengi wanaachia. Nyama na wali havina kalisi ya kutosha, mbwa akila hivyo mwaka mzima mwili unaanza kuchukua kwenye mifupa yake mwenyewe. Osha maganda, chemsha dakika kumi, anika yakauke kau kau, saga kwenye blenda au kinu mpaka iwe unga laini usiochoma ulimi. Nusu kijiko cha chai kwa siku kwa huyo wa kilo 15, siku za dagaa acha. Hiyo mifupa ya kuku iliyosagika ukiwa umemchanganyia nayo acha pia, isiwe inarundikana.

Na hata ukifanya yote haya bado chakula cha nyumbani kinaweza kupungukiwa vitu vidogo vidogo, zinki, vitamini D, vitamini E. Sio maneno yangu, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis mwaka 2013 walipima mapishi 200 ya mbwa kutoka vitabuni na mtandaoni, asilimia 95 yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja, na mengine yaliandikwa na madaktari. Kwahiyo badilisha badilisha, leo mapupu kesho kuku, yai la kuchemsha mara moja moja, na ukienda kwa daktari wa mifugo kwa chanjo muulize unga wa vitamini na madini wa kuchanganyia, anakupa na kipimo chake.

Watoto sitaki nidanganye mtu. Mtoto wa mbwa, hasa hizi mbegu kubwa za German Shepherd na Boerboel, kalisi ikizidi mbaya, ikipungua mbaya, mifupa inapinda. Huyo kama unaweza jibane umpe cha dukani cha watoto mpaka afike mwaka na kitu, ndo umhamishie chunguni. Ukishindwa, ongea na daktari kabla hujaanza.

Usimbadilishie chakula ghafla, changanya kidogo na cha zamani uongeze taratibu kama wiki nzima, la sivyo ataharisha utasema mapishi mabaya. Akiharisha kidogo tu na amechangamka, mpe wali mlaini na kuku asiye na ngozi siku mbili, maji mengi. Kinyesi kikiwa na damu, au ni mtoto anatapika amelegea, hapo hakuna kupika, ni daktari siku hiyo hiyo.

Friji siku tatu mwisho, kinachobaki gandisha kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja. Joto la Dar chakula kikilala nje kesho kimechacha, na umeme ukikatika usiku mzima nusa kabla hujampa. Kama anayelisha ni mlinzi au dada wa nyumbani, kaa naye umuonyeshe, mwambie na sababu, maana ukimwambia tu "usimpe makombo" atakuona unaringa, ila ukimwambia kitunguu kinakausha damu ya mbwa mwenyewe atakuwa wa kwanza kumfokea mgeni anayetupa mifupa ya pilau dirishani.