Kunywa tu bila kula ili upungue: ya kupima kabla hujaanza

Swali hunifikia hivi: "Dada, nikinywa juisi tupu mpaka siku ya sendofu, nitapungua?" Uzito utapungua, ndiyo. Mtu aliyeacha ugali, wali na chapati akabaki na vikombe vya juisi, mizani lazima ishuke. La kuuliza ni kinachopungua ni nini, kitarudi lini, na dawa unazomeza zitakufanya nini tumbo likiwa tupu. Mimi ni afisa lishe hapa Tanga, nahudumia kliniki ya kisukari na presha, na haya ndiyo ninayotaka mtu ayapime kabla hajanunua hata chupa ya kwanza.

Anza na mizani yenyewe. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, kama gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takribani gramu 3 za maji. Ukiacha kula, akiba hiyo ndiyo hutangulia kutumika, na maji yake unayakojoa. Ndiyo maana siku tatu za mwanzo mtu hupungua kilo moja na nusu au mbili, akaona amepata dawa. Mafuta ya tumboni yameguswa kidogo sana. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Mwanamke wa umbo la kati hutumia kama kalori 2,000 kwa siku, kwa hiyo hata asipotia kitu mdomoni kutwa nzima, hachomi hata theluthi ya kilo. Akishika tena sahani ya pilau, akiba inajaa, maji yanarudi, na zile kilo mbili anazikuta palepale.

Kisha pima juisi. Machungwa ya Muheza yakiwa msimu yanauzwa kila kona, na watu huamini kitu kilichotoka mtini hakiwezi kuwadhuru. Chukua manne, kamua kwenye jagi lenye alama, chuja. Utapata glasi moja nzuri, mililita 250 au zaidi kidogo, na ndani yake mna sukari inayopita gramu 20, yaani vijiko vitano vya chai. Sasa tazama kilichobaki kwenye chujio. Zile nyama za chungwa na nyuzinyuzi zake ndizo zingekufanya utafune na ushibe, na zingeifanya sukari iingie kwenye damu taratibu. Tumezitupa. Ukipewa machungwa manne uyamenye na kuyala, wengi huishia mawili. Glasi ya juisi yake hunywewa kwa mikupuo mitatu, na baada ya saa moja njaa iko pale pale.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu sukari ya juisi kundi moja na ile tunayotia kwenye chai. Linashauri isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Glasi yako moja imekaribia kuumaliza mgao huo. Anayeshinda kwa glasi nne amekunywa zaidi ya gramu 80 za sukari, na protini aliyopata haifiki gramu 8, wakati mtu wa kilo 70 anahitaji kama gramu 56. Mwili ukikosa protini mezani huichukua kwenye misuli. Mizani inashuka, mtu anafurahi, kumbe sehemu ya kilichoondoka ni nyama ya mapaja na mikono aliyoihitaji.

Juisi ya kijani, ya tango, limau na tangawizi, haina sukari nyingi. Lakini haina protini wala mafuta, na ukiishi nayo siku kadhaa unakuwa umefunga tu huku unalipia. Wanaouza husema inasafisha sumu. Kazi hiyo inafanywa na ini na figo kila saa, hata ukiwa umelala.

Mahali ambapo kunywa tu kumefanya kazi

Nisingependa uondoke ukidhani chakula cha maji hakijawahi kumsaidia mtu. Kimesaidia, tena kwenye ugonjwa ninaouona kila siku. Uingereza, huko Uskoti na eneo la Tyneside, ulifanyika utafiti uitwao DiRECT, ukiongozwa na Profesa Mike Lean na Profesa Roy Taylor, na matokeo yake yakatoka kwenye jarida la The Lancet Desemba 2017. Walichukua karibu watu 300 wenye kisukari cha aina ya pili, ambao hawakuwa wamefika kwenye sindano za insulini. Nusu yao waliacha chakula cha kawaida kwa miezi mitatu hadi mitano, wakanywa vinywaji vya unga maalumu vyenye kalori kama 825 hadi 853 kwa siku. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya hao hawakuwa tena na sukari ya kiwango cha kisukari, na hawakuwa wakimeza dawa za sukari. Kwa wale waliobaki na matibabu ya kawaida ilikuwa asilimia 4. Baada ya miaka miwili bado ilikuwa asilimia 36.

Tazama vizuri kilichofanyika pale, maana hapo ndipo penye jibu. Kile kinywaji kilikuwa na protini, vitamini na madini yaliyopimwa. Dawa za sukari na za presha zilisimamishwa siku ya kwanza na wataalamu waliokuwa wakiwafuatilia. Na walipomaliza, chakula kilirudishwa hatua kwa hatua kwa wiki mbili hadi nane, kisha wakaendelea kuonana na wahudumu wao. Ondoa kimojawapo na huna tena kitu kile kile.

Kuna waliolipia funzo hilo kwa uhai. Marekani, mwaka 1977 na 1978, zilivuma chupa za protini ya maji zilizotengenezwa kwa ngozi na kano za wanyama, protini hafifu isiyotosha mwili. Wakaguzi wa serikali walichunguza vifo kama 60 vya watu waliokuwa wakizitumia, wengi wao wanawake, na kwa wengi moyo ndio ulioacha kupiga sawasawa. Miaka kumi baadaye, Novemba 1988, Oprah Winfrey, mtangazaji maarufu wa televisheni wa huko, aliingia kwenye kipindi chake akivuta kigari cha mafuta ya wanyama yenye uzito sawa na aliopunguza, karibu kilo 30, baada ya miezi kama minne ya kunywa tu. Kinywaji chake kilikuwa cha maana, na kilo zilitoka kweli. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba zilirudi. Sioni aibu yoyote kwake katika hilo. Mtu akivuliwa kilo 30 bila kuoneshwa sahani yake ya kesho itakuwaje, ndivyo inavyokwenda.

Dawa unazomeza

Hapa naomba usome polepole. Mama mmoja aliletwa na binti yake akitoka jasho jembamba, mikono inatetemeka, akiulizwa jambo anajibu jingine. Alikuwa siku ya tatu ya juisi ya tango, na asubuhi alimeza glibenclamide yake, dawa ya kushusha sukari, kama kawaida. Sukari ilikuwa 2.4, wakati chini ya 4 tayari tunashtuka. Alitiwa glukosi akarudiwa na fahamu, lakini ilibidi alazwe mpaka kesho yake, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini saa nyingi na sukari huweza kuporomoka tena. Dawa inafanya kazi yake ile ile, chakula ilichokuwa inakitarajia hakikufika.

Kwa hiyo ukitumia insulini, glibenclamide, gliclazide au glimepiride, usiruke milo bila daktari kukupangia dozi upya. Dawa za kisukari za jamii ya empagliflozin na dapagliflozin zina hatari nyingine: ukifunga, asidi inaweza kuzidi kwenye damu hata kama kipimo cha sukari kinaonekana kizuri. Wa presha wanaotumia dawa za kukojoa hupungukiwa maji na potasiamu, wakisimama wanaona kizunguzungu. Anayetumia dawa za presha za losartan au lisinopril, hasa mwenye figo zisizo nzima, akijazia juisi za matunda na mboga potasiamu inaweza kupanda mpaka ikavuruga moyo. Na anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha majani mabichi, maana vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa.

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na kijana anayekua, mgonjwa wa figo, na mtu aliyewahi kujinyima chakula au kujitapisha, hawa wote siwapi ruhusa ya kuishi kwa vinywaji hata siku moja. Hata kwa mzima, kupungua kwa kasi huongeza uwezekano wa mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Ukitaka kinywaji, chukua mlo mmoja

Ninachokubali, na ninachowapangia wengi, ni kubadilisha mlo mmoja tu, na kwa watu wa huku huwa nachagua wa usiku. Usiku ndipo tunapokula wali wa nazi au chapati na maharage yaliyoungwa, kisha tunakwenda kulala. Asubuhi na mchana kula. Mchana nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali au wali, robo samaki, maharage au nyama.

Usiku pika supu ya choroko. Choroko zilizoiva, kikombe kimoja kwa mtu mmoja. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta, kipime kwa kijiko kweli, usimimine kwa chupa, maana kijiko cha chakula kimoja tu kina kalori kama 120. Tia kitunguu saumu, tangawizi na nyanya mbili, ziive mpaka zilainike. Mimina choroko na maji vikombe viwili, chumvi kidogo, acha ichemke. Mwishoni tia konzi mbili za mchicha uliokatwa, funika kidogo, epua. Kabla ya kupakua ponda kwa mwiko upande mmoja wa sufuria ili supu iwe nzito, nyingine ibaki nzima uitafune. Usiitie kwenye blenda, kwa sababu unapotafuna tumbo linapata muda wa kujua kwamba limeshiba. Tui usitie. Baada yake kunywa kikombe cha mtindi usio na sukari. Jumla ni kama kalori 400 na protini inayopita gramu 20, na utalala vizuri. Siku ya samaki, chemsha changu au tasi na ndimu na pilipili, na nyama yake uile, siyo mchuzi tu.

Uji nao una watu wake. Uji wa ulezi bila sukari ni mzuri asubuhi. Ila unga wa lishe wenye karanga, soya na mahindi ulitengenezwa kumnenepesha mtoto, na wapo wanaounywa vikombe vitatu na siagi juu wakitaka kupungua.

Ukiuziwa unga wa kupunguza uzito, soma pakiti. Iandike kalori na protini za kila mlo, na orodha ya vitamini na madini. Pakiti isiyo na maandishi hayo, rudisha. Chai za kupunguza tumbo nyingi zina sanamaki, nayo inaharisha. Unachopoteza chooni ni maji na potasiamu.

Ikiwa tayari uko katikati ya juisi tupu na siku zimeshapita tano, usikimbilie sinia la biriani. Mwili uliokaa na njaa ukipokea wanga mwingi kwa mpigo, fosfeti na potasiamu huweza kushuka ghafla kwenye damu. Fika kituo cha afya upimwe, na uanze na vyakula vidogo vidogo: uji mwepesi, yai, mtindi, supu yenye vipande vya samaki.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi ile ile, kabla ya chai. Usitumie mizani peke yake. Nunua futi kamba ya fundi cherehani, izungushe kiunoni usawa wa kitovu bila kukaza, uandike. Kwa mwanamke tunataka kiuno kiwe chini ya sentimita 80, kwa mwanaume chini ya 94. Nusu kilo kwa wiki inatosha, na kwa miezi mitatu hizo ni kama kilo sita ambazo mafuta ndiyo yametoka.

Na popote utakapokuwa umefika, moyo ukienda mbio au kurukaruka, ukitoka jasho na kutetemeka, ukianguka, au ukipata maumivu makali chini ya mbavu za kulia, acha kila kitu uende hospitali. Kama una kisukari na bado unaweza kumeza, lamba sukari kwanza ndipo utoke. Beba dawa zako zote na ile chupa au pakiti uliyokuwa ukitumia, daktari aione.