Funga fonti ndani ya faili kabla hujaenda kuprinti
Juzi nilipeleka kadi ya harusi saiba moja hapa Kondele, kwa laptopu yangu majina ya maharusi yamejikunja vizuri, kwa kompyuta yao yakatoka Times New Roman kama barua ya chifu. Kumbe faili ya Word haibebi fonti (ule mtindo wa herufi), inabeba jina lake tu, mashine isiyo nayo inajichagulia ingine. Dawa ni hii, kabla ya kusevu ingia File, Options, Save, weka tiki kwa Embed fonts in the file, faili itanenepa kiasi lakini herufi zinasafiri nayo. Kama huko hakuna cha kubadilishwa toa PDF kabisa, ifungue na Adobe Reader, bonyeza Ctrl na D, uangalie kwa Fonts kama kila moja imeandikwa Embedded (imo ndani) ama Embedded Subset (herufi zilizotumika tu ndizo zimo).

Sasa kuna fonti zingine aliyezitengeneza amezizuia zisiwekwe ndani ya faili, hata uweke tiki Word haizibebi. Kwa Windows bofya kulia faili ya fonti, Properties, Details, soma Font embeddability: ikisema Restricted sahau, Editable iko sawa. Na msichanganye, fonti kukubali kuingia kwa faili si leseni ya kuitumia! Ile fonti ya bure ya "personal use" (matumizi yako binafsi) ukiitumia kwa kazi ya mteja anayelipa bado ni makosa. Mimi siku hizi nachukua za Google Fonts, nyingi ziko chini ya SIL Open Font License, hiyo inakuruhusu kuziweka ndani ya dokyumenti hata kama ni ya biashara.