Namba ya mteja isikae kwenye lebo ya Prometheus

Prometheus, mfumo wa kukusanya vipimo vya seva na programu, ikianza kumeza RAM ghafla, usikimbilie kuongeza seva. Kagua lebo kwanza, yaani maelezo yanayobandikwa kwenye kipimo, kama aina ya ombi au jina la seva. Kila mchanganyiko mpya wa thamani za lebo huzaa mfululizo wake wa data, na mifululizo hai hukaa kwenye RAM. Aina 5 za maombi, misimbo 8 ya majibu na seva 20 ni mifululizo 800 tu. Chomeka namba za wateja 10,000, inaweza kufika 8,000,000.

Fungua ukurasa wa TSDB Status (hali ya hifadhidata ya Prometheus): utaona vipimo vyenye mifululizo mingi zaidi na lebo zenye thamani nyingi. Dawa hasa ni kuiondoa lebo ya namba ya mteja kwenye programu inayotoa vipimo. `labeldrop` (amri ya kufuta lebo) ndani ya `metric_relabel_configs` (mipangilio ya kubadili lebo kabla data haijahifadhiwa) inashawishi, ila lebo ikitoka, mifululizo iliyokuwa tofauti inafanana na sampuli (thamani zilizosomwa) zinagongana. Kwa dharura, afadhali `drop`, yaani kukitupa kipimo kizima.

Weka pia `sample_limit`, kikomo cha sampuli kwa kila usomaji, lakini kwa tahadhari: kikomo kikipitwa, usomaji wote wa mara hiyo hukataliwa, si ile ziada pekee. Namba ya mteja ipeleke kwenye logi.