Kadi ya Idi yenye ufukwe wa Paje, Zanzibar

Kunja manila nyeupe katikati, kisha kwa penseli za rangi chora mistari miwili tu: upeo wa bahari na ukingo wa maji. Mchanga wa Paje ni mweupe, usiujaze njano. Mie huuacha vivyo hivyo, nikapitisha kahawia hafifu chini ya ngalawa ninayoiongeza, penye kivuli.

Bahari ndiyo kazi yenyewe. Nje ya mwamba wa matumbawe, kuelekea upeo, kandamiza buluu iliyokoza. Ukija pwani legeza mkono, changanya kijani, hadi penseli iguse karatasi kwa mbali. Sugua kwa pamba, upande mmoja tu, mistari ipotee. Povu halichorwi: acha uzi mwembamba wa karatasi bila rangi.

Bibi yangu alilima mwani pale. Kwenye kadi yake niliongeza vijiti vya shamba lake majini, vifupi, vya kahawia.