Kuendesha gari kwenye theluji huku mashambani: mwongozo kwa aliyefika Minnesota juzi

Watu wangu, hasa nyie mliofika juzi mkapata kazi kwenye nyumba za wazee ama viwanda vya nyama huko vijijini magharibi mwa Minnesota, hii nimeandika kwa ajili yenu. Kazi yangu ni kuzunguka kliniki ndogo za mashambani nikichukua sampuli za damu na kuzifikisha maabara, jioni mpaka usiku, na Desemba jua linazama kabla hata ya saa kumi na moja jioni kwa hivyo karibu njia yote ni giza. Huu ni msimu wangu wa tisa. Kila mwaka naulizwa maswali yaleyale, na kila mwaka kuna mtu wetu anatolewa mtaroni, basi acha niseme yote mahali pamoja.

Kitu cha kwanza uelewe, mjini ukiteleza unagonga ukingo wa barabara na gari la kuvuta linakuja. Huku unaweza kukaa masaa matatu bila kuona taa ya gari nyingine. Kwa hivyo nusu ya mwongozo huu ni kuendesha na nusu ni kungoja, na ukiniuliza, hiyo ya kungoja ndio inaokoa maisha.

Hatua ya 1: Tairi, kabla theluji haijaanguka

Usingoje Januari. Tairi za kawaida mpira wake unaanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya Farenhaiti 45, yaani kama Selsiasi 7, na tairi ngumu haishiki. Tairi za baridi ziko na mpira laini na ubavuni zimechorwa mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani, hiyo alama ndio uitafute, sio maneno ya muuzaji. Nunua nne. Kuna watu wananunua mbili za mbele wakiona wamepunguza gharama, sasa mbele inashika nyuma haishiki, na kwenye kona ya kwanza mkia unakuja kukusalimia mlangoni. Zile tairi za misumari usihangaike nazo, kwa mkazi wa Minnesota haziruhusiwi kisheria.

Hewa pia uangalie, kila joto likishuka Farenhaiti 10 tairi inapoteza karibu psi moja (kipimo cha presha ya hewa), kwa hivyo ile hewa uliyojaza Septemba sio iliyoko sasa.

Na hapa niseme jambo linaloniuma. Gari ya kuvuta kwa magurudumu yote manne itakusaidia kuondoka, haitakusaidia kusimama. Breki za gari zote zinategemea tairi tu. Magari makubwa makubwa ndio naona mtaroni kila dhoruba, sababu mwenye gari aliondoka vizuri akaona ameshamaliza.

Hatua ya 2: Betri, maji ya wipa, mafuta

Betri ikifika Farenhaiti sifuri (Selsiasi -18) inabaki na nguvu chini ya nusu, kwa hivyo betri ya miaka minne mitano ipeleke ikapimwe, maduka mengi ya spea wanapima bure. Magari mengi ya huku ukiangalia mbele utaona waya wa stima unaning'inia, usishangae, ni wa kupasha injini moto. Usiku wa Farenhaiti -20 chomeka masaa matatu manne kabla ya kutoka.

Maji ya wipa nunua yale yameandikwa -20 ama chini zaidi, yale ya kiangazi yataganda kwenye kioo ukiwa katikati ya barabara na hutaona kitu. Tanki isishuke chini ya nusu. Hiyo mafuta sio ya safari peke yake, ni hita yako ukikwama.

Hatua ya 3: Uliza barabara kabla ya kutoka

Piga 511 ama fungua app yake, ni ya idara ya barabara ya jimbo, inakuonyesha hali ya barabara kuu na kamera za malori ya plau, yale yanayosukuma theluji kando ya barabara. Ukiona imeandikwa "No Travel Advised" usitoke. Najua shifti inaanza saa tano usiku na supavaiza anapiga simu, nimekuwa hapo. Mwambie idara ya barabara imeshauri watu wasisafiri. Kama ni lazima ufike, nenda mapema mchana dhoruba haijaingia ukalale hukohuko kazini, wengi wa nyumba za wazee wanafanya hivyo.

Mwambie mtu unapita njia gani na utafika saa ngapi. Sio "naenda kazini", taja namba ya barabara. Halafu usibadilishe njia bila kumwambia.

Na ramani ya simu usiiamini kwa upofu. Msimu wangu wa pili ilinionyesha njia ya mkato ya maili sita nikaifuata usiku, mwanzoni kulikuwa na kibao nikakipita bila kukisoma, kumbe kimeandikwa "Minimum Maintenance Road". Maana yake hiyo barabara haipitiwi na plau kabisa na ukipita ni kwa hatari yako. Baada ya nusu maili theluji ilikuwa imefika bampa. Nilikaa humo karibu masaa matatu mpaka mkulima mmoja mzee aliyeona taa zangu akaja na trakta. Alinivuta, akakataa pesa, akaniambia nikunywe kahawa kwake kwanza nipate joto. Tangu siku hiyo hicho kibao nikikiona nageuza.

Hatua ya 4: Futa gari yote

Sio kashimo kadogo mbele ya macho. Vioo vyote, taa zote za mbele na nyuma (hizi taa mpya za LED hazitoi joto la kuyeyusha theluji, zinafunikwa ukiwa unaendesha), na juu ya paa pia, maana ukifunga breki ile theluji ya paa inateremka yote kwenye kioo. Pitia na bomba la eksozi uhakikishe halijazibwa.

Jaketi nene likifungiwa mkanda linaacha nafasi, fungua zipu mkanda ukae karibu na mwili. Mtoto kwenye kiti chake mvue jaketi, mfunge mkanda, halafu mfunike blanketi juu. Hiyo ni ya muhimu sana tafadhali.

Hatua ya 5: Kuendesha kwenyewe

Ukitoka, mahali pasipo na gari, funga breki kidogo kwa makusudi usikie barabara ya leo ikoje. Ya leo sio ya jana. Ikiwa baridi kali chini ya Farenhaiti 15 chumvi ya barabarani haifanyi kazi vizuri tena, kwa hivyo ukiona wamemwaga usifikirie kumeyeyuka.

Sisi tuliokulia kwenye matope, mimi ni wa Nyandarua na nimeona matatu zikipigana na matope ya Ol Kalou tangu nikiwa mtoto, tuko na faida moja na hasara moja. Faida ni kwamba tunajua stiringi ni ya taratibu, gia ndogo, hakuna kushtua gari. Hasara ni ile tabia ya kukanyaga mafuta ukisikia gari inakwama. Kwenye theluji tairi ikizunguka inayeyusha theluji ya chini, inaganda tena, sasa umejitengenezea kioo chini ya tairi na hutoki.

Kanuni yangu ni hii: kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ama unafunga breki, ama unakata kona, ama unaongeza mwendo. Tairi iko na mshiko kidogo, ukiudai mara mbili inaachilia yote. Punguza mwendo wakati barabara bado imenyooka, kata kona bila kugusa kitu, ukishanyooka ndio uongeze. Kruzi kontroli, ile ya kushikilia mwendo yenyewe, zima kabisa. Gari ya mbele yako iachie sekunde nane mpaka kumi, angalia inapita nguzo fulani halafu hesabu polepole mpaka wewe ufike.

Breki za ABS (zile zinazozuia tairi isijifunge) zikianza kutetemeka mguuni na kukoroma usiachilie, zinafanya kazi yake, kanyaga na ushikilie. Na madaraja yanaganda kabla ya barabara sababu baridi inapita mpaka chini, kwa hivyo ondoa mguu kabla hujafika.

Hatua ya 6: Upepo kwenye shamba wazi

Hapa ndio mashambani panatofautiana na mji, na hapa ndio nataka usome polepole. Huku ni tambarare, mahindi yameshavunwa, hakuna kitu cha kuzuia upepo. Theluji inaweza kuwa ilianguka juzi na leo anga ni bluu kabisa, lakini upepo unaichota shambani na kuivusha barabarani chini chini kama moshi. Unapita karibu na boma lenye miti, barabara ni kavu, unaongeza mwendo, miti inaisha, na hapohapo kuna ndimi za theluji zimelala barabarani moja baada ya nyingine. Ukiingia kwenye ulimi wa kwanza na mwendo wa maili 55 kwa saa tairi za upande mmoja zinanaswa na gari inavutwa. Kwa hivyo ukiona miti inaisha mbele, punguza ukiwa bado kwenye lami kavu, shika stiringi kwa mikono miwili, pita ukiwa umenyoosha, usifunge breki ndani ya ulimi.

Utaona mashamba mengine wameacha mistari kadhaa ya mahindi makavu bila kuvuna kando ya barabara. Sio uvivu, idara ya barabara inamlipa mkulima ayaache yakamate theluji. Ukimaliza hayo mahindi, jiandae.

Upepo ukizidi mpaka ni weupe mtupu, taa za chini sio za juu, maana za juu zinagonga theluji na kukurudia machoni. Usisimame katikati ya njia, aliye nyuma hakuoni. Enda pole mpaka upate njia ya kuingilia kwenye boma la mtu uingie humo, watu wa huku hawatakufukuza.

Barabara za kokoto za kaunti wakati mwingine zina mshiko kuliko lami, ila zinasafishwa mwisho, na mtaro ukijaa theluji unalingana na barabara huoni ukingo uko wapi. Watu wanapita katikati. Pita katikati pia, lakini ukikaribia mgongo wa kilima rudi upande wako, kuna mwingine anakuja katikati kama wewe.

Paa wa huku wakirukia barabarani funga breki ukiwa umenyooka, usikwepe. Kukwepa ndio kunapindua gari.

Hatua ya 7: Lori la plau

Yale makubwa ya rangi ya machungwa. Yanaenda polepole na yanarusha wingu la theluji, kaa nyuma angalau urefu wa magari kumi na usilipite. Liko na blade nyingine inayotoka ubavuni ambayo kwenye lile wingu huioni. Nyuma ya plau ndio mahali salama kuliko pote, mimi nikilipata nafurahi, naenda nalo hata kama nitachelewa.

Hatua ya 8: Gari ikiteleza

Toa mguu kwenye mafuta. Angalia unakotaka kwenda, sio nguzo unayoogopa kugonga. Mkia ukikimbilia kulia, stiringi kulia, na gari ikianza kurudi nyoosha mapema kwa sababu mkia utarudi upande wa pili kwa nguvu. Kama ni pua imekataa, yaani umekata kona na gari inaenda moja kwa moja, usizidishe kukata, rudisha stiringi kidogo ungoje tairi zishike. Tafuta uwanja mtupu, mwenyewe akuruhusu, ufanye hii ya pua na ya mkia mara ishirini mwendo wa pole. Kusoma hapa hakutoshi, mikono ndio ijifunze.

Hatua ya 9: Umekwama

Nyoosha tairi, chimba mbele na nyuma na koleo, mwaga mchanga ama ule mchanga wa choo cha paka (usiogandamana ukilowa), zima traction control (ile inayozuia tairi kuzunguka bure), ondoka kwa mguu mwepesi. Ukijaribu mara tatu nne imekataa, acha.

Usitoke kutembea. Narudia, usitoke. Ile nyumba yenye taa unayoiona iko karibu, iko maili moja na nusu. Farenhaiti sifuri na upepo wa maili 15 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30, na kwenye weupe watu wamepotea hatua chache kutoka garini. Piga 911, namba ya dharura, network ikiwa mbaya tuma meseji kwa 911, hapa Minnesota inafanya kazi. Wape namba ya barabara na alama ya maili, ama kibao cha namba cha boma la mwisho ulilopita. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye antena. Eksozi ichimbue mwenyewe na urudie kila unapowasha injini, maana ikizibwa gesi ya sumu ya moshi inaingia ndani, na gesi hiyo haina harufu ya kukuamsha. Washa injini dakika kumi kila saa, kioo cha upande usio na upepo kiwe wazi kidogo.

Vitu vyako viwe ndani ya gari sio kwenye buti la nyuma, mlango wake unaganda: blanketi mbili, viatu vya manyoya, glavu, tochi, chaji ya simu, koleo, nyaya za kujampu betri, njugu karanga, na maji kwenye chupa isiyojaa kabisa ili ikiganda isipasuke.

Ukifika, tuma meseji umefika, inua wipa zisigandie kioo, chomeka ule waya wa stima. Brashi ya theluji ingia nayo ndani ya nyumba, asubuhi mlango wa gari unaweza kuwa umeganda na brashi iko ndani yake.