Namna ya kubadilisha nguo kwa staha katika vibanda vya mlimani vyenye chumba cha pamoja

Mpandaji anayefika kibandani jioni, nguo zikiwa zimelowa jasho na mvua, hukutana na jambo ambalo huenda hakulifikiria alipokuwa akijiandaa: chumba cha kulala ni kimoja, vitanda ni vingi, na waliomo ni wanaume na wanawake wasiofahamiana. Vibanda vingi duniani vimejengwa hivyo. Katika milima ya Alps ni jambo la kawaida kukuta magodoro yamepangwa bega kwa bega juu ya jukwaa moja refu la mbao. New Zealand vibanda vingi vya porini ni chumba kimoja tu chenye majukwaa ya kulalia. Na katika njia ya Marangu ya mlima Kilimanjaro wapandaji hulala pamoja katika vibanda vya mbao. Faragha ya mahali kama hapo hutengenezwa na watu waliomo, kwa namna wanavyopanga mizigo yao, wanavyochagua wakati na wanavyoyaelekeza macho yao.

Kazi huanzia nyumbani, wakati wa kufunga begi. Weka nguo kavu zote za jioni pamoja, katika mfuko mmoja usiopitisha maji, na mfuko huo uwe juu kabisa ya begi la mgongoni. Mtu aliyeweka fulana chini, suruali katikati na soksi kwenye mfuko wa pembeni hulazimika kumwaga vitu vyake vyote kitandani, naye hukaa nusu uchi akitafuta kilichopotea huku wenzake wakiwa wamegeukia ukuta wakimsubiri. Ndani ya mfuko huo zipange nguo kwa mpangilio wa kuvaliwa, ya kwanza kuvaliwa ikiwa juu. Nguo za kulalia ziwe zile ambazo hutaona haya kuonekana nazo ukiamka kwenda chooni saa nane usiku: fulana ndefu ya mikono mirefu na suruali ya mpira kiunoni humfaa karibu kila mtu, mwanamume kwa mwanamke.

Kitu kimoja ninachokisisitiza kuliko vyote ni kanga, kikoi au shuka lolote jepesi na pana. Ukijifunga kwapani linakusitiri hadi magotini, ukijifunga kiunoni unaweza kubadilisha suruali mbele ya umati wote, na ukiwa kwenye kitanda cha chini unaweza kulichomeka chini ya godoro la juu likawa pazia, ilimradi umwombe kwanza ruhusa anayelala hapo. Taulo dogo la safarini halifanyi kazi hiyo hata ukilivuta vipi.

Ukifika kibandani, usiingie moja kwa moja chumba cha kulala na kuanza kuvua. Viatu huachwa mlangoni karibu kila mahali, na koti la mvua hutundikwa penye nafasi yake ili lisilowanishe magodoro ya watu. Kisha muulize msimamizi, kama yupo, ni wapi watu hubadilishia nguo. Vibanda vikubwa mara nyingi vina chumba cha kunawia au cha kukaushia nguo, na hapo ndipo pa kwanza pa kujaribu. Choo ni suala jingine. Ikiwa kipo kimoja na watu wamepanga foleni, si haki kujifungia humo robo saa ukibadilisha nguo na kujifuta mwili. Na ikiwa ni choo cha nje chenye sakafu iliyolowa, utatoka na nguo kavu zilizokwisha kuchafuka.

Mara nyingi suluhisho zuri zaidi ni wakati. Chumba cha kulala hujaa watu punde tu kundi linapofika na tena kabla ya kulala, lakini huwa karibu kitupu wakati wa chakula au wengi wanapotoka kutazama jua likizama. Anayevumilia kidogo hupata chumba kizima peke yake. Nasema kidogo kwa makusudi, kwa sababu uvumilivu huo una mpaka, na mpaka wenyewe ni baridi. Joto la hewa hupungua kwa takribani nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu, hivyo nguo iliyolowa hukunyonya joto la mwili mara tu unapoacha kutembea. Pamba ndiyo mbaya kuliko zote. Aliyelowa na kuanza kutetemeka abadilishe nguo hapo alipo, aanze na za juu, na waliomo chumbani wageuke bila kuombwa mara mbili.

Hili nalisema kwa uchungu kidogo. Katika safari zangu za mwanzo nilikaa karibu nusu saa kwenye kona ya kibanda, nimelowa, nikiona haya kuvua mbele ya wanaume nisiowajua, hadi mama mmoja mtu mzima aliponitazama midomo, akasimama bila kusema neno, akaninyooshea shuka lake mbele yangu kwa mikono miwili huku yeye mwenyewe akitazama dirishani. Tangu siku hiyo sijapata adabu ya kibandani iliyo bora kuliko hiyo. Ukimwona mtu anayesitasita, mshikie shuka, naye akimaliza usilizungumzie tena.

Sasa kuhusu kuvua kwenyewe. Kaa pembeni ya kitanda chako ukiuelekea ukuta, nguo kavu zikiwa mapajani. Vua nguo moja na uvae ya badala yake kabla ya kugusa ya pili, ili usiwe wakati wowote bila nguo juu na chini kwa pamoja. Mwanamke anayetaka kubadilisha sidiria anaweza kuvaa fulana kavu iliyo pana, kuingiza mikono ndani yake, kufungua sidiria na kuitolea kwenye mkono wa fulana, kisha kuvaa nyingine kwa njia hiyo hiyo. Kwa nguo za chini, shuka kiunoni linatosha. Asiye na shuka atumie begi la kulalia: ingia, funga zipu hadi kifuani, lala chali, inua kiuno na ubadilishe humo humo. Huchosha mwanzoni na huzoeleka haraka. Usiingie humo na nguo zilizolowa lakini, kwani begi likishanyonya maji halitakupa joto usiku kucha. Vua kwanza zilizolowa chini ya koti, kisha ingia.

Anayelala kitanda cha juu anahitaji uangalifu wa ziada. Kusimama juu ya ngazi ukivua suruali kunamweka mwenzako wa chini mahali ambapo hana pa kuangalia, basi ama badilisha ukiwa umeketi au umelala huko juu, ama shuka chini na ubadilishe ukiwa umesimama kwenye kona.

Mara nyingi tunajadili tu anayevua, ilhali wajibu mzito zaidi uko kwa asiyevua. Ukimwona mtu ameanza kufungua vifungo, geuka, shughulika na begi lako, au toka nje dakika tatu. Huhitaji kutangaza kwamba hutazami, wala kufanya mzaha ili kupunguza aibu, mzaha huiongeza. Anayebadilisha naye anaruhusiwa kusema waziwazi, “Samahani, nabadilisha nguo, naomba mgeuke kidogo,” na hakuna mtu mwenye staha atakayechukizwa na ombi hilo. Kikundi kinachotaka chumba chote, kwa mfano wanawake ambao imani yao hairuhusu kuvua kitambaa cha kichwa mbele ya wanaume wa kando, kiombe dakika kumi na kizirudishe kwa wakati. Ni vyema kiongozi wa msafara aliulize jambo hili kabla ya kufika, wala asimwachie mhusika kuliomba mwenyewe mbele ya wageni.

Mambo mawili ya mwanga husahaulika. Tochi ya kichwani humulika popote unapogeuza uso, hivyo anayesikia sauti ya zipu gizani na kugeuka humfunua mwenzake bila kukusudia. Izime, au tumia taa yake nyekundu ukiwa umeielekeza chini. La pili ni dirisha: usiku, taa zikiwa zimewashwa ndani, walio nje wanaona kila kitu nawe huwaoni. Funga pazia, au simama pembeni ya dirisha.

Simu na kamera zisiinuliwe kabisa chumbani wakati watu wanabadilisha nguo, hata kama unapiga picha ya rafiki yako tu, maana aliye nyuma yake hakuulizwa. Mtu akikutazama kwa makusudi, akikupiga picha au akikusemesha maneno ya kukuudhi, si lazima uvumilie kwa kuogopa kuharibu safari. Mwambie aache, mweleze kiongozi au msimamizi, na uombe kitanda kingine. Watoto wabadilishwe na wazazi au walezi wao, na mtu mzima asijifungie chumbani na mtoto asiye wake kwa ajili hiyo.

Utakutana pia na watu waliolelewa kwa namna tofauti, wanaovua bila kusita na bila nia yoyote mbaya. Usiwahukumu, geuka tu. Ila mwenye uhuru huo naye akumbuke kwamba kutembea uchi kutoka kitandani hadi mlangoni ni kuwalazimisha wengine washiriki katika uhuru wake.

Alfajiri ndiyo saa ngumu zaidi, kwa sababu wanaowania kilele huamka wakati wengine bado wamelala. Vibanda vingi vya Alps hutaka ukimya kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na mifuko ya nailoni inayochakarika huamsha chumba kizima. Lala ukiwa umevaa nguo za ndani utakazotembea nazo, weka zilizosalia ndani ya begi la kulalia ili zipate joto, na umalizie kuvaa sebuleni au barazani. Nguo za ndani ulizofua zianike chini ya fulana au taulo, mbali na meza ya chakula na kichwa cha mtu, na uzihesabu kabla ya kuondoka.